Njia Moja, Wapitaji Wengi: Kutembea katika Vilima vya Karagwe na Kyerwa

Asubuhi ya kawaida, njia inayoshuka kutoka vilimani kuelekea Omurushaka, wilayani Karagwe, hupitiwa na watu wa kila namna kwa wakati mmoja. Yupo anayesukuma baiskeli iliyofungwa mikungu ya ndizi, mama anayerejea kutoka kisimani akiwa na dumu la maji kichwani, wanafunzi wanaowahi kengele, kijana wa bodaboda aliyembeba mgonjwa, na mchungaji anayeongoza ng'ombe wenye pembe ndefu. Siku hizi huongezeka pia mgeni mwenye mkoba mgongoni, aliyekuja kutazama mabonde na kupumua hewa ya vilima vilivyo zaidi ya meta 1,500 kutoka usawa wa bahari. Njia yenyewe mara nyingi haizidi hatua mbili kwa upana.

Mwananchi anayekwenda shambani na mtalii wa ndani anayekwenda kupumzika hutumia njia hiyo hiyo. Kwa mmoja ni matembezi, kwa mwingine ni kazi ya kila siku, na starehe ya yule wa kwanza haipaswi kumzuia wa pili.

Matumizi ya pamoja ya njia hizi si jambo jipya. Mwezi Novemba 1861, wasafiri John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika Bweranyange, makao ya ufalme wa Karagwe, wakapokewa na Mfalme Rumanyika. Wakati huo wafanyabiashara kutoka pwani walikwishafika katika ufalme huo, na kituo chao kilikuwa Kafuro, jirani na makao ya mfalme. Speke alipoendelea na safari kuelekea Buganda Januari 1862, Grant alibaki nyuma kwa sababu ya ugonjwa wa mguu. Katika nchi ambayo kila safari ilikuwa ya miguu, mguu mmoja ulitosha kubadili mpango wa msafara mzima. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley naye alifika kwa Rumanyika, akatembelea chemchemi ya maji moto ya Mtagata, ambayo leo ipo wilayani Kyerwa. Aliwakuta pale wagonjwa waliokuja kuoga kwa kutafuta nafuu, na hadi sasa watu bado huenda Mtagata kwa sababu hiyo hiyo.

Jambo linalowasumbua zaidi wageni ni nani ampishe nani. Katika nchi nyingi zenye njia za matembezi milimani, kanuni inayofundishwa ni kwamba anayeshuka humpisha anayepanda, kwa kuwa anayepanda akisimama hupata taabu kuanza tena. Kwa watembea kwa miguu wawili wasio na mizigo, kanuni hiyo inafaa hata Karagwe. Haifai kwa baiskeli ya ndizi. Mtu anayeteremsha mikungu minne au mitano kwenye mteremko wa changarawe hasukumi baiskeli, bali anaizuia isimkimbie. Breki pekee hazimtoshi, na akilazimishwa kusimama ghafla, mzigo ndio utakaoamua pa kuangukia. Huyo apishwe mapema, akiwa bado mbali.

Vivyo hivyo kwa mwenye maji. Dumu la lita 20 lina uzito wa zaidi ya kilo 20, na aliyelibeba kichwani hawezi kuinamisha shingo kutazama mawe yaliyo miguuni pake. Mwenye mikono mitupu ndiye anayetoka njiani. Adabu ya huku humtaka pia atangulize salamu. Mgeni anayepita kimya akiwa na kamera huacha maswali nyuma yake, hasa iwapo amepiga picha za watu bila kuomba ruhusa.

Kwa ng'ombe, busara ni kusimama kando, kunyamaza na kumsikiliza mchungaji. Asiyewazoea asipite katikati ya ng'ombe na ndama wake, wala asikimbie. Mwendesha bodaboda naye anatakiwa kupunguza mwendo hadi ulingane na wa mtembea kwa miguu kabla hajawafikia watu au mifugo, kwa sababu honi katika njia nyembamba huwashtua wanyama na kuwasukuma kwenye migomba ya watu.

Mvua huleta mtihani mwingine. Kagera hupata mvua katika misimu miwili, vuli na masika, na njia za miteremkoni huharibika katika misimu hiyo kuliko wakati mwingine wowote. Mpitaji akikuta tope hutamani kupita pembeni, kwenye nyasi. Anayefuata hupita pembeni zaidi. Baada ya majuma machache nyasi zilizokuwa zikishika udongo zimekufa, maji ya mvua yamepata mfereji wa moja kwa moja, na njia imeanza kugeuka korongo. Tairi hukamilisha kazi hiyo kwa kuchora mistari mirefu inayofuata mteremko. Kwa hiyo ni afadhali kuchafua viatu na kupita katikati, mmoja nyuma ya mwingine, au kuahirisha matembezi hadi njia ikauke. Wanavijiji wanaweza kupunguza uharibifu kwa kuchimba vifereji vya mshazari vinavyotoa maji njiani kabla hayajapata kasi, na kupanga mawe kama ngazi penye mwinuko mkali.

Hatari nyingine hutokea pale njia inapomezwa. Mkulima huongeza tuta moja, mwaka unaofuata huongeza jingine, hatimaye wanafunzi hulazimika kuzunguka kilima kizima. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inatambua ardhi ya kijiji inayotumiwa na jumuiya, mbali na ile ya mtu mmoja mmoja na ile ya akiba. Mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, unaoandaliwa chini ya Sheria Na. 6 ya mwaka 2007, ndiyo nafasi ya kuzionyesha njia na mapito ya mifugo kwenye ramani na kuzipitisha katika mkutano mkuu wa kijiji. Penye mgogoro, Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao wasiopungua watatu ni wanawake, lina wajibu wa kusuluhisha. Ni rahisi zaidi kuonyesha njia kwenye ramani kabla ya kulimwa kuliko kuing'oa migomba iliyokwisha kuzaa.

Yapo pia maeneo ambako njia ya kijiji hukoma. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika-Orugundu yalipandishwa hadhi na kuwa Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Ya pili imebaki na jina la mfalme aliyewapokea Speke na Grant. Ndani ya mipaka hiyo haiingiwi bila kibali, mifugo hairuhusiwi kulisha, na matembezi ya miguu hufanywa pamoja na askari wa hifadhi. Utaratibu huo unamlinda mtembeaji mwenyewe, kwani kilima kinachoonekana kitupu kinaweza kuwa na nyati. Anayetaka kupanda huko aanzie ofisi za hifadhi. Anayetaka kutembea vijijini ajitambulishe kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye mara nyingi humpata kijana wa kumwongoza.

Msimu unaofaa zaidi ni kati ya Juni na Agosti, ambapo njia huwa kavu. Mgeni kutoka Dar es Salaam akumbuke kuwa huku jua huchelewa kwa takriban nusu saa kuliko alivyozoea: huchomoza karibu saa 1 asubuhi na kuzama karibu saa 1 jioni. Akiondoka Kayanga saa 12 asubuhi, atakuwa bado gizani, na atakaokutana nao njiani wakati huo ni wale wenye mizigo.