Kadi ya Mbwa: Maelezo Yanayohitajika Mwenyewe Akiwa Hayupo

Siku za kazi, nyumba nyingi za Kangemi, Kawangware, Lavington na Kileleshwa hubaki na yaya, mlinzi au mzazi mzee huku wenyewe wakiwa kazini katikati ya jiji. Mbwa naye hubaki. Akimuuma mtoto wa jirani saa nne asubuhi, swali la kwanza ni moja: amechanjwa? Mara nyingi anayejua jibu yuko mkutanoni na simu imezimwa, au amekwama kwenye msongamano wa Waiyaki Way.

Swali hilo ni zito. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara mgonjwa hufariki. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030, na silaha kuu ni chanjo ya mbwa. Lakini chanjo isiyoweza kuthibitishwa huwaacha aliyeumwa na daktari wake wakikisia.

Kwa hivyo kila mwenye mbwa anashauriwa kuandaa kadi ya ukurasa mmoja yenye maelezo haya:

- Utambulisho: jina la mbwa, umri, jinsia, rangi na alama zake, pamoja na picha ya hivi karibuni.
- Chanjo: tarehe ya chanjo ya mwisho ya kichaa cha mbwa na tarehe ya inayofuata. Mbwa huchanjwa mara ya kwanza akiwa na miezi 3, kisha chanjo hurudiwa kila mwaka. Nakala ya cheti iambatishwe.
- Afya: uzito kwa kilo, kwa sababu dawa hupimwa kulingana na uzito; magonjwa aliyonayo, dawa anazotumia, na tarehe za dawa ya minyoo na ya kupe.
- Mawasiliano: simu ya mwenye mbwa, ya mtu wa pili anayeishi karibu, ya daktari wake wa mifugo, na ya kliniki inayohudumia usiku na wikendi.
- Malisho na tabia: anachokula na saa zake, kinachomtisha, na mahali asipopenda kuguswa.

Chini ya kadi, maonyo mawili yaandikwe kwa herufi kubwa.

La kwanza: asipewe dawa za binadamu. Parasetamoli na ibuprofeni, ambazo ziko karibu kila nyumba, zinaweza kumuua. Chokoleti, vitunguu na zabibu pia ni sumu kwake.

La pili ni hatua za kuchukua akimuuma mtu. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aliyeumwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa amechanjwa. Kadi iende naye, au ipigwe picha. Mbwa asiuawe wala asifukuzwe. Afungiwe mahali salama na achunguzwe kwa siku 10, na afisa wa mifugo wa kaunti ndogo ajulishwe. Mbwa aliyekuwa tayari anaambukiza alipouma huonyesha dalili au hufa ndani ya siku hizo. Akibaki mzima, daktari hupata msingi wa kuamua kama sindano zilizobaki zinahitajika.

Nakala moja ibandikwe jikoni au mlangoni, nyingine iwe kwenye simu ya kila mtu mzima wa nyumba, na ya tatu iwekwe pamoja na vitambulisho. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalionyesha kwamba familia inaweza kulazimika kuhama kwa dakika chache. Mkanda wa shingoni wa mbwa nao uwe na nambari ya simu. Akipotea, picha iliyo kwenye kadi itawasaidia majirani, na pia KSPCA iliyoko Karen, ambayo hupokea mbwa waliopotea.

Kadi ikishakamilika, yaya au mlinzi asomewe na aulizwe: mbwa huyu akiuma mtu sasa hivi, utafanya nini kwanza? Akijibu sawasawa, kadi imefanya kazi yake. Ibaki kurekebishwa kila mbwa anapochanjwa.