Mshale mkononi, macho barabarani!

KUNA siku, mpenzi msomaji, unaweza kuua mtu na hujagusa hata bia moja. Mimi nusura. Na silaha yenyewe haikuwa panga wala bunduki, ilikuwa simu yangu mwenyewe, nimeibana kwenye usukani wa pikipiki kwa holda ya plastiki, najiona mjanja ile mbaya.

Mkanda mzima ulikuwa hivi. Jumamosi ya harusi ya mdogo wangu, shela limebaki kwa fundi Sinza, bibi harusi yuko Goba anapambwa, simu zinapigwa kama nyumba inaungua. Nani ana pikipiki? Mimi. Nani haijui Goba? Mimi huyo huyo! Basi nikafunga shela nyuma kwa mipira, nikawasha ramani kwenye simu, nikachomoka. Mwenge nikapita, Lugalo nikapita, nikawa naitafuta kona ya Tangi Bovu. Jua la saa nane linapiga kioo cha simu, sioni kitu zaidi ya sura yangu. Nikainama kidogo nione mshale unasemaje. Kuinua kichwa, pundamilia hii hapa, na juu yake mama mmoja kamshika mkono mtoto wa shule.

Breki nilizofunga siku ile sitaki hata kuzikumbuka. Pikipiki iliserereka, ikasimama hatua kama mbili kutoka kwa yule mtoto. Nilingoja matusi, hayakuja. Mama alinitazama mimi, akaitazama simu, akasema taratibu: "Mwanangu, hiyo simu ingekuja kunizikia mtoto?"

"Nisamehe mama." Ndiyo neno pekee lililotoka. Akamvuta mtoto wake, wakaenda zao. Shela lilifika, harusi ilifana, watu walicheza mpaka wakavua viatu. Mimi nilikaa kona na soda yangu, magoti yananicheza.

Hesabu ya sekunde mbili

Nyumbani nikachukua kalamu. Ukienda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mwisho unaoruhusiwa kwenye maeneo ya makazi hapa kwetu, kila sekunde inayopita umekula karibu mita 14. Kuinama, kuitafuta njia kwenye kioo chenye mwanga wa jua, na kuinua kichwa tena, sekunde mbili hazikutoshi. Hizo ni mita 28, zaidi ya urefu wa mabasi mawili makubwa, umezipita kama kipofu. Na mwenye gari ana bati la kumkinga, wewe bati lako ni fulana.

Kesho yake nikawasimulia washikaji kijiweni. Dereva mmoja mkongwe wa bodaboda akacheka, akanishika mkono wa kushoto. "Sasa dogo, hii saa yako ni ya nini? Ya kuhesabu hatua za kwenda chooni?"

Nikaishiwa pozi. Saa janja nilikuwa nayo mwaka mzima, nimepewa zawadi, kazi yake ilikuwa kuwazuga watu kwenye daladala.

Inavyofanya kazi

Kitu chenyewe ni rahisi. Simu inakaa mfuko wa ndani na ramani ikiwa imewashwa. Saa inaongea na simu kwa Bluetooth, inapokea mambo mawili tu ya maana: mshale wa kona inayofuata na umbali uliobaki. Ukikaribia kona, saa inatetemeka. Hakuna ramani ya kuchungulia, hakuna picha za maduka. Apple Watch ilipoingia sokoni mwaka 2015, ramani yake ilikuwa na mtetemo wa namna moja kwa kulia na mwingine kwa kushoto, ili mtu ajue upande bila hata kutazama. Hilo ndilo jambo zima: mkono unakwambia, macho yanabaki barabarani.

Na simu nayo inapona. Mvua haiinyeshei, kibaka hainyakui kwenye foleni. Hata kamera inapumzika: mwaka 2021 kampuni ya Apple yenyewe ilitangaza kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu mitambo midogo inayotuliza picha ndani ya iPhone. Sasa wewe endelea kuibana kwenye usukani, halafu kila selfi itoke kama umepiga wakati wa tetemeko.

Hapa kuna wanaosema GPS inakula bando. Uongo mtupu! GPS ni mtambo wa Marekani, satelaiti zinazozunguka juu karibu kilomita 20,000, na kifaa chako kinasikiliza tu, kama redio. Kinahitaji kuzisikia angalau nne ili kijue vizuri kipo wapi. Zamani raia walikuwa wanapewa vipimo vilivyochakachuliwa makusudi, unaweza kukosea hadi mita 100, mpaka Rais Clinton alipoamuru mchezo huo uzimwe Mei 2000. Kinachokula bando ni picha ya ramani na hali ya foleni. Pakua ramani ya mji wako ukiwa nyumbani, halafu ondoka. OsmAnd na Organic Maps zote zinafanya kazi bila intaneti.

Usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Kabla hujatoa mshiko, jua kuna saa za aina mbili. Za kwanza zinategemea simu kwa kila kitu. Za pili zina GPS yao wenyewe ndani. Muuzaji atakwambia zote "zina GPS", usimwamini kwa maneno. Saa nyingi za bei poa zinaazima GPS ya simu, na nyingine zinapokea meseji na simu lakini mshale wa ramani hazipokei kabisa. Dawa ni kujaribu pale pale dukani: unganisha na simu yako, weka safari, tembea mpaka mwisho wa mtaa. Mshale ukitokea, lipa. Usipotokea, rudisha na uage kwa heshima.

Zile zenye GPS yake zina utamu mwingine. Zipo zinazochora mstari wa ulikopita, mfano za Garmin, na ukipotea unaufuata mstari huo huo kurudi ulikoanzia. Kwa mtu anayepeleka mzigo mara ya kwanza kwenye vichochoro ambavyo hata majina havina, hiyo ni dhahabu.

Lakini kuna mshale mwingine wa kuwa nao makini, ule unaoelekeza moja kwa moja mahali ulipopaweka alama. Huo haujui barabara, unajua upande tu. Simama Posta uweke alama Kigamboni, utakwambia pale pale. Kweli, ila katikati kuna bahari! Itabidi upande kivuko, au uzunguke mpaka Kurasini kwenye daraja lililofunguliwa mwaka 2016. Tena ukisimama kwenye taa mshale unaweza kuanza kuzunguka kama mlevi. Usishangae, GPS inajua unakoelekea kwa kuona unavyosogea. Umesimama, itajuaje? Na dira iliyomo ndani ya saa nayo inachanganywa na vyuma vya pikipiki.

Masharti ya mganga

Nimeitumia saa yangu miezi kadhaa sasa, na haya ndiyo niliyojifunza, mengine kwa aibu.

Kwanza, zima arifa nyingine zote. Saa ikitetemeka iwe na maana moja tu: kona. Mimi siku ya kwanza sikuzima, shemeji akatuma vichekesho kwenye grupu la familia, nikakata kushoto nikajikuta kwenye geti la watu, mlinzi ananiuliza nimekuja kwa nani.

Pili, ivae mkono wa kushoto. Mkono wa kulia una mafuta na breki ya mbele, usiupe kazi nyingine. Kaza mkanda tundu moja zaidi ya kawaida na weka mtetemo wa juu kabisa, maana injini nayo inatetemeka, na mtetemo mdogo hutausikia.

Tatu, saa nyingi kioo kinawaka ukiinua mkono. Ukiwa kwenye pikipiki kuinua mkono ni kuachia usukani, usithubutu! Weka kioo kibaki kinawaka, na kama haiwezekani, tegemea mtetemo peke yake. Jua tu kwamba kioo kinachowaka muda wote kinakula chaji, kwa hiyo ondoka imejaa.

Nne, ichague safari kabla hujawasha injini. Isome mara moja kichwani, kona kubwa tatu au nne. Angalia umechagua njia ya gari au ya pikipiki, si ya miguu, maana ya miguu itakupitisha kwenye uchochoro wa watu wanaoanika nguo.

Tano, na hii ndiyo kubwa: kona ikikupita, iache ipite. Usikate ghafla, usigeuze katikati ya barabara. Ramani itakutafutia njia nyingine. Ukichanganyikiwa, toka pembeni, simama, toa simu mfukoni, tazama kwa raha zako. Kuchelewa dakika tano hakujawahi kumpeleka mtu Muhimbili.

Na saa isikufanye ujione rubani. Haioni shimo, haioni lori lililozima taa, haijui mtaa umefungwa kwa sababu ya msiba. Helmeti bado ni helmeti, na kuuliza njia kwa mama muuza vitumbua bado kunafanya kazi kuliko mitambo yote, tena unaondoka umekula.

Juzi nimepita tena barabara ya Bagamoyo, safari hii mchana na mzigo wa mtu. Kabla ya Tangi Bovu saa ikanifinya kidogo mkononi, sikuinama. Kwenye pundamilia ile ile kulikuwa na watoto wanne wa shule wanangoja. Nikawaona kutoka mbali, nikapunguza, nikasimama, nikawapa ishara wapite. Wa mwisho akanipungia mkono.

Kama ni yule mtoto wa siku ile, sijui. Ila nilimpungia na mimi, kwa mkono wenye saa. Kazi kwenu, washikaji wa magurudumu mawili!