Kompaila ya Kwanza Ilitoka Wapi?

Kompyuta haielewi Kiswahili wala Kiingereza. Huelewa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kwa sababu hiyo mtaalamu huandika programu kwa lugha maalumu, kama vile lugha ya C, na maandishi yake huitwa msimbo chanzo. Kisha programu nyingine, iitwayo kompaila, huyafasiri kuwa lugha ya mashine.

Linux, ambayo kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991, hutolewa pamoja na msimbo chanzo wake. Mwanafunzi mwenye mfumo mdogo kabisa, wenye kiini na zana chache tu, aweza kujijengea programu zake nyingine zote kutokana na maandishi anayoweza kuyasoma. Lakini hapo huzuka swali: kompaila nayo ni programu, je, ilifasiriwa na nini?

Swali hili si la mchezo. Mwaka 1984 Ken Thompson, mmoja wa waliobuni mfumo wa Unix, alichapisha hotuba yake ya Tuzo ya Turing. Alieleza kwamba kompaila yaweza kutiwa hila ya kupenyeza mlango wa siri katika programu inayopokea nywila. Tena, kompaila hiyo ikipewa msimbo chanzo safi wa kompaila mpya, huirithisha hila ileile. Mkaguzi atasoma kila mstari asione kosa, ilhali mlango umo.

Dawa mojawapo ni kuanza na kitu kidogo ambacho binadamu aweza kukikagua mwenyewe. Mwaka 2023 mradi wa GNU Guix ulitangaza njia inayoanzia kwenye programu ya baiti 357 tu. Kila baiti huandikwa kwa tarakimu mbili za mfumo wa kumi na sita; hivyo programu nzima ni tarakimu 714, nazo huenea katika ukurasa mmoja wa daftari. Kazi yake ni kugeuza tarakimu hizo kuwa baiti. Kwa mfano, 4D ni 4×16+13, yaani 77, ambayo ni alama ya herufi M. Kwa chombo hicho hujengwa chombo bora kidogo, nacho hujenga kingine, hatua kwa hatua, hadi kufikia GCC, kompaila kamili ya C.

Hata hivyo, kiini kinachoendesha kazi hiyo, na mashine yenyewe, bado hatuna budi kuviamini. Kukagua maandishi pekee hakutoshi. Yafaa pia kuuliza ni chombo gani kilichoyafasiri.