MGB: Anza na Cheche, Nguvu Baadaye

Mwenye MGB akitaka gari lake lichangamke, mara nyingi huanza kuota kabureta kubwa ya Weber, ile yenye midomo miwili iliyochomoza ubavuni mwa injini. Namwelewa kabisa, ni chombo cha kupendeza na mlio wake unasisimua mwili. Hata hivyo fedha ya kwanza ningeipeleka kwenye cheche, kwa sababu nguvu nyingi zinazotafutwa madukani zilikwisha kupotelea ndani ya distribyuta.

Gari hili la michezo lilitengenezwa Abingdon, Uingereza, tangu 1962 hadi 1980, na zaidi ya nusu milioni yalitoka kiwandani humo. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,798 ilianza na nguvu farasi 95, ikilishwa na kabureta mbili za SU. Yaliyopelekwa Marekani kuanzia 1975 yaliwekewa kabureta moja ya Stromberg ili kutimiza sheria za moshi, na nguvu zikaporomoka hadi 62 hivi. Mwenye gari la namna hiyo akirudisha SU mbili atajiona amenunua gari jingine.

Turudi kwenye distribyuta. Fungua kava, chomoa rota, kisha shika mhimili kwa vidole viwili uusukume huku na huku. Ukicheza, bushi zimelika. Pengine utadhani mchezo mdogo kama huo si kitu, lakini nafasi kati ya pointi ni milimita 0.35 hadi 0.40 tu. Mhimili ukiyumba, nafasi hiyo inabadilika kutoka silinda moja hadi nyingine, na kila silinda inapata cheche yake kwa wakati wake. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi zinafunguka mara 100 kila sekunde. Fundi anaweza kurekebisha taimingi ya silinda ya kwanza ikakaa sawasawa, huku ya tatu ikiwaka mapema na ya pili ikichelewa. Ukimulika puli kwa taa ya taimingi utaona alama inachezacheza badala ya kutulia.

Ndiyo maana nasisitiza: distribyuta ikarabatiwe kwanza, halafu ndipo ifikiriwe moduli ya elektroniki. Moduli hii ni kifaa kidogo kinachokaa mahali pa pointi na kusoma pete ya sumaku iliyovishwa kwenye mhimili. Haina kisigino cha kulika kama cha pointi, kwa hiyo taimingi uliyoipanga leo utaikuta vilevile baada ya maelfu ya kilomita. Ila haiponyi springi zilizolegea za vile vyuma vinavyosogeza taimingi mwendo unapoongezeka, wala kiwambo cha vakyumu kilichotoboka. Wapo wanaoifunga juu ya ugonjwa huo wote, kisha wanalalamika kwamba haina faida.

Kuna mitego miwili ya waya. Magari ya kabla ya mwishoni mwa 1967 yalifungwa chanya ya betri kwenye bodi, nayo moduli nyingi zinataka hasi. Ukikosea, inaungua papo hapo. Pia, baadhi ya magari yana koili inayopitishiwa umeme kwenye waya wa kupunguza volti. Koili ya aina hiyo ikipewa volti 12 kamili muda wote inachemka hadi kufa. Rota na kondensa navyo usinunue vya bei ya chini kabisa, maana vipya vibovu vimewalaza wengi barabarani kuliko vya zamani vilivyochakaa.

Cheche ikishatulia, sikiliza pumzi ya injini. SU ni kabureta bora na sioni sababu ya kuitupa. Kinachoiangusha ni mhimili wa kipepeo, ambao ukilika unaingiza hewa ya wizi, na injini inatetemeka gari likiwa limesimama. Mhimili mpya na bushi zake hurudisha utulivu. Ukiongeza eya klina inayopitisha hewa zaidi, badilisha na sindano za kabureta, la sivyo mchanganyiko utakuwa mwepesi mno na valvu zitaumia.

Kikomo halisi kiko kwenye silinda hedi. Hewa ya silinda nne inaingia kwa matundu mawili tu, kila tundu likihudumia mbili. Fundi mwenye mkono mzuri akilainisha matundu hayo na kuchonga viti vya valvu kwa pembe zinazofaa, faida utaihisi kwenye mlima. Hapo hapo aweke viti vigumu, kwa kuwa petroli yenye risasi iliondolewa vituoni Uingereza mwanzoni mwa 2000, na risasi ndiyo iliyokuwa ikilinda vile laini vya asili. Kemushafti kali ningeiacha. Inahamishia nguvu kwenye mizunguko ya juu, wakati raha ya MGB ni kuvuta polepole kutoka chini bila kubadilisha gia.

Kwa anayeendesha Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kuna jambo la ziada: hewa ni nyepesi, mchanganyiko unazidi mafuta na plagi zinaingia masizi meusi. Kaza nati iliyo chini ya kabureta ili jeti ipande kidogo, kisha tazama tena rangi ya plagi.

Sahani ya pointi za zamani pamoja na kondensa yake usivitupe. Vifunge kwenye kitambaa na bisibisi, uviweke kwenye buti. Moduli ikifa hufa ghafla bila dalili yoyote, na mwenye sahani hiyo akishajifunza kuifunga hahitaji kuvutwa hadi nyumbani.