Uzuri Uliopo Uani Kwako



Zamani mtu wa kijijini akitaka picha, ilimbidi asafiri mpaka mjini. Alivaa nguo za sikukuu, akaingia studio, akasimama mbele ya pazia lililochorwa maua. Baada ya siku kadhaa alirudi kuichukua picha yake. Ilikuwa nzuri, lakini haikuonyesha nyumba yake, wala shamba lake, wala kazi yake.

Siku hizi simu nyingi zina kamera. Pengine unayo mwenyewe, au anayo kijana wako. Lakini tabia ya studio haijatutoka. Tunapiga picha harusini, kwenye ubatizo, kwenye maulidi, na siku anapokuja mgeni rasmi. Siku za kawaida hatupigi. Kisha mzee anafariki, na familia inatafuta picha yake. Inapatikana ile ya kitambulisho peke yake. Humo mzee amekaza uso kama mtu anayedaiwa. Wajukuu watamjua kwa sura hiyo. Hawatamwona akisuka mkeka chini ya mwembe, kazi aliyoifanya kila siku ya Mungu.

Kwa nini hatukupiga picha ya mkeka ule? Kwa sababu tuliuzoea. Kitu ulichokizoea hukioni tena, hata kikiwa kizuri namna gani.

Picha ya kamera iliyo ya zamani kuliko zote zilizobaki duniani ilipigwa Ufaransa, mwaka 1826 au 1827. Aliyeipiga ni Joseph Nicéphore Niépce. Je, alipiga picha ya mfalme? Hapana. Aliweka kamera yake kwenye dirisha la ghorofani, nyumbani kwake, akapiga picha ya mapaa na kuta za ua wake. Filamu zilikuwa hazijabuniwa. Alitumia bamba la madini lililopakwa aina ya lami. Mwanga uliigandisha lami ile polepole sana, kwa muda wa saa nane au zaidi. Kwa hiyo katika picha ile jua linaonekana limepiga kuta za pande zote mbili, za asubuhi na za jioni. Simu yako inamaliza kazi hiyo kabla hujapepesa jicho. Lakini kazi ni ile ile, kupokea mwanga.

Basi jifunze kwanza kuutazama mwanga. Asubuhi na jioni jua huwa chini, na mwanga wake hupita katika hewa nyingi kabla ya kutufikia. Hewa hiyo huitawanya rangi ya bluu, ikabaki zaidi ya manjano na nyekundu. Ndiyo maana ukuta wa udongo unaoonekana umefifia saa sita mchana huwa kama dhahabu saa kumi na moja na nusu jioni. Tena mwanga huo hutoka ubavuni, si utosini. Kila ukili wa mkeka hutupa kivuli chake kidogo, na mikunjo ya mkono wa msukaji huonekana yote. Ingia na jikoni. Miale inayopenya matundu ya ukuta utaiona wazi ndani ya moshi, na chungu kile kile cha jana kitakushangaza.

Saa sita mchana ni saa mbaya kwa picha za watu. Jua likiwa utosini, macho huingia kivulini. Mketishe mtu mlangoni, ndani kidogo ya kizingiti, atazame nje. Kwa maoni yangu, hakuna studio ya mjini inayoushinda mlango wa nyumba.

Liko jambo moja linalowaudhi wengi. Unampiga mtu picha, mbingu nyuma yake ni nyeupe, na uso wake unatoka mweusi tii, macho hayaonekani. Usilaumu ngozi yake. Kamera imepima mwanga wa mbingu badala ya mwanga wa uso. Msogeze mbele ya kitu chenye giza kidogo, kama migomba. Kama simu yako ni ya kugusa, gusa kwa kidole pale penye uso. Simu itapima mwanga wa hapo.

Mengine ni madogo. Futa lenzi kwa kitambaa safi na laini, kwa kuwa mafuta ya vidole huleta ukungu. Bana viwiko mbavuni ili simu isitikisike. Sogea karibu. Wanaoanza husimama mbali mno, mtungi ukawa kama punje ya mtama.

Omba ruhusa kabla ya kupiga. Mtu akikataa, basi. Akikubali, mwambie aendelee na kazi yake. Mwanzoni atakaza uso. Subiri, atasahau.

Usidhani kazi hii ni ya wenye vyeo. Vivian Maier, aliyezaliwa mwaka 1926, alikuwa yaya mjini Chicago, Marekani. Kwa miaka mingi alilea watoto wa watu, na alipotoka nao matembezini alipiga picha za mitaani: wapita njia, watoto wanaolia, vivuli ukutani. Alipiga zaidi ya 100,000. Karibu hakuna aliyeziona, na filamu nyingi yeye mwenyewe hakuzisafisha kamwe. Mwaka 2007 masanduku yake yaliuzwa mnadani, maana kodi ya ghala ilikuwa haijalipwa. Alifariki mwaka 2009. Picha zake zimekwisha kuonyeshwa katika nchi nyingi, lakini masanduku yale yangeweza kutupwa jalalani.

Sanduku lako wewe ni simu. Ikitumbukia majini au ikiibwa, picha zote zimekwenda. Kila baada ya mavuno chagua tano au sita tu, uzipeleke mjini zikasafishwe. Kisha geuza kila picha, uandike nyuma yake. Usikandamize kalamu, isije ikatokeza upande wa pili, na uache wino ukauke kabla ya kuzipanga. Andika jina la mtu, mahali, kazi aliyokuwa akifanya, na tarehe. Bibi yako anayo labda picha moja ya watu wanne waliosimama, na wawili kati yao hakuna tena anayewajua. Mwulize leo hao wawili wengine ni nani, uandike.