Pikipiki kuukuu isipowaka, anza na waya

Butembo, mashariki mwa Kongo, ni mji wa wafanyabiashara, na kipuri cha pikipiki kilichotoka China au India hakikosekani madukani. Neema hiyo imezaa tabia ya hasara. Pikipiki kuukuu ikikataa kuwaka, hununuliwa buji, ikikataa tena, bobini, kisha CDI, yaani kisanduku kinachoongoza umeme wa cheche, na mwenye chombo humaliza faida ya wiki nzima bila mtu kujua ugonjwa ulikuwa wapi. Kwenye pikipiki iliyozeeka, mtuhumiwa wa kwanza awe waya, viungio vyake na swichi. CDI imefunikwa kwa plastiki na gundi ngumu, lakini viungio viko wazi kwa kila kinachopita. Na kwetu hupita mengi: ukungu na mvua za Butembo, mji ulio karibu na mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, vumbi la Beni, na maji ya kuoshea yanayomwagwa hadi chini ya tangi.

Uchunguzi unaanzia kwenye buji. Ifungue, irudishe kwenye kofia yake, ilaze chuma chake kigusane na injini, mbali na tundu lake na petroli, halafu piga kiki. Cheche ya buluu yenye mlio ikionekana, geukia petroli na hewa. Isipoonekana, usikimbilie dukani. Pikipiki nyingi ndogo za zamani hupata umeme wa cheche kutoka kwenye koili iliyo ndani ya magneti, bila kutegemea betri. CDI huukusanya na kuusukuma kwenye bobini. Katika mfumo huo swichi ya kuzimia huumwaga umeme kwenye chuma cha fremu. Kwa hiyo waya mmoja mwembamba wa swichi hiyo uliochubuka shingoni mwa usukani, pale unapokunjwa kila kona, ukigusa fremu huzima injini kana kwamba mtu amegeuza ufunguo. Chomoa waya huo kwenye CDI, upige kiki tena. Cheche ikirudi, CDI ni nzima. Tengeneza waya uurudishe, maana bila huo ufunguo hauzimi injini.

Kwa pikipiki inayotegemea betri, tazama kwanza masi, yaani pale waya hasi unapofungwa kwenye chuma. Betri iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi, lakini betri nzima iliyofungwa kwenye boliti yenye kutu ni kama mtungi uliojaa wenye mdomo ulioziba. Wengine watasema hawana kipimo cha volti. Balbu ya 12V yenye nyaya mbili inatosha kuanzia: shika upande chanya wa betri kwa waya mmoja, gusa injini kwa wa pili. Ikiwaka kwa unyonge kuliko inapogusishwa moja kwa moja kwenye betri, fungua boliti hiyo, isugue kwa msasa.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba kubadilisha kipuri ni haraka, na kwamba vipuri navyo hufa. Ni kweli vinakufa: koili ya magneti iliyochoka huweza kuwasha asubuhi, ikakata ikipata moto, ikarudi ikipoa. Lakini hata hiyo hujulikana kwa kupima ikiwa bado ya moto. Kipuri kipya juu ya kiungio kibovu huahirisha tu tatizo, na mahali litakaporudia hatuchagui sisi. Kwenye barabara ya Beni kwenda Oicha, eneo ambalo raia wameuawa katika mashambulizi tangu 2014, kukwama jioni kunaweza kugharimu uhai. Mzizi wa tabia hii ni malipo: tunalipia kipuri kinachoonekana, na fundi aliyetumia nusu saa kufuata waya tunamwambia hakufanya kitu. Tumlipe kwa nusu saa hiyo, naye hatakuwa na sababu ya kututuma dukani kabla ya kuupata ugonjwa.