Harufu ya Dagaa na Hewa ya Mkaa

Jirani anakaanga dagaa. Wewe uko nyumba ya tatu, upepo umetulia, sufuria yake hujaiona, lakini pua yako imeshajua. Harufu imekufikiaje?

Hewa na maji vimeundwa kwa chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo hazitulii hata kidogo: zinakwenda huku na huku, zinagongana, zinageuka. Zikijaa mahali pamoja, huenea kuelekea palipo na chache, mpaka zilingane kote. Hakuna anayezisukuma. Huo ndio msambao.

Kasi yake hutegemea nishati. Chembe zikipata joto, hukimbia zaidi. Jaribu mwenyewe: tia majani ya chai katika kikombe cha maji baridi na kingine cha maji moto, usikoroge. Utaona wapi rangi inaenea upesi. Ndiyo maana dagaa walio motoni hunukia mbali kuliko waliopoa.

Sasa sikiliza vizuri. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Nayo husambaa vilevile, ila haina rangi wala harufu. Dagaa wanakupa taarifa; hewa hii haikupi. Ukifunga mlango, inajaa chumbani hadi kwenye mkeka aliolala mtoto. Pazia haliizuii. Ikiingia kwenye damu, inashika nafasi ya oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, na aliyelala anaweza asiamke tena.

Kwetu, msimu wa mvua, jiko, yaani mbabula, lililala ndani pamoja nasi. Asubuhi tuliamka na vichwa vizito, tukasema ni malaria. Mlango ulipofunguliwa, vikapona. Tulikuwa na bahati.

Basi, mama, baba, kaka, dada: pikia nje au penye hewa ya kutosha. Kabla ya kulala, toa jiko nje. Usidanganywe na makaa mekundu yasiyo na moshi. Bado yanatoa sumu. Mkihisi kizunguzungu, tokeni nje wote, kisha nendeni kituo cha afya na mseme mlikuwa na jiko ndani.

Na yule jirani wa dagaa, mwambie pia. Tukutane kipindi kijacho.